Wasiokufa wa Barabara ya Kumi na Mbili

Kassim alinipigia simu mchana nikiwa nachambua mchicha, akaniambia kwamba Bwana Hatibu amezikwa Moa jana yake baada ya sala ya alasiri, na kwamba yeye alikwenda mazikoni. "Walipouliza pale makaburini kama yupo mwenye kinyongo na marehemu," alisema, "watu wote wakajibu hatuna, tumesamehe. Mimi nikanyamaza, dada. Nilinyamaza kwa niaba yako." Nikamwambia kafanya vizuri. Tukazungumza habari za watoto, za mvua, za bei ya mafuta ya taa, kisha akakata simu. Nilikaa na sinia mapajani mpaka adhana ikaita. Mimi ni bibi mwenye wajukuu sasa, na hasira yangu ina umri mkubwa kuliko wanangu. Naijua kama ninavyolijua goti langu bovu, najua inapouma na inapopoa, na sijawahi kuiomba iondoke. Lakini kwa kuwa Bwana Hatibu hayupo tena kusimulia upande wake, nimeona niuandike ule mwaka mmoja kama ulivyokuwa, na nisijipendelee.

Ulikuwa mwaka ambao watu walianza kusema ruksa, biashara zimefunguliwa. Vitu vilivyokuwa vimepotea vikarudi kana kwamba vilikuwa safarini tu. Pale sokoni Ngamiani ungekuta kanga mpya zimetundikwa kwenye kamba, mafuta ya kupikia kwenye madebe, mitumba imemwagwa chini juu ya turubai, na sabuni, Mola wangu, sabuni za mche zimepangwa barazani kama matofali, na muuzaji amezipa mgongo anacheza bao. Nilikuwa nikisimama mbele ya zile sabuni kila nilipopita. Miaka michache nyuma, wakati kuficha bidhaa kulikuwa kosa la kufungwa, mama yangu, ambaye alikuwa mjane, alikutwa na katoni moja ya sabuni kama zile chini ya kitanda chake, imetoka Mombasa kwa njia za panya. Walikuja watu watatu na gari, wakamchukua mbele yetu akiwa bado na unga mikononi. Alirudi baada ya miezi minne akiwa anakohoa. Alikohoa miezi mitatu, kisha tukabaki watatu. Mimi nikaacha shule kidato cha pili, nikawa baba na mama. Mwaka huu ninaoueleza nilikuwa na miaka kumi na minane, Kassim kumi na miwili, na Saumu, kitinda mimba, alikuwa na sita na sura ya mama haikumbuki.

Tulikaa chumba kimoja, Barabara ya Kumi na Tano, chenye dirisha linalotazama choo cha jirani. Kitanda kilikuwa kile kile. Nililala mimi na Saumu juu, Kassim mkekani, na chini ya kitanda sikuweka kitu chochote kabisa, hata viatu. Chakula chetu kilikuwa bada, ule ugali mweusi wa mihogo mikavu, na dagaa niliowakaanga bila mafuta mpaka wakalia kama karatasi. Chai tuliinywa bila sukari hata ilipoanza kupatikana, maana ulimi ulishazoea. Asubuhi nilikwenda Raskazone kufua na kupiga pasi kwa bwana na bibi wa kigeni, mume mhandisi, mke hana kazi. Watu wale waligombana kila siku iliyoumbwa. Waligombana wakinywa chai, wakivaa, wakimtafuta paka. Kiingereza cha shule kilikuwa kimenipa majina ya vitu, lakini kuzungumza kwenyewe nilikupata kwenye ugomvi wao, nikiwa na pasi mkononi. Ndiyo maana nilijua njia nyingi sana za kumwambia mtu ni mwongo, kwamba ondoka, kwamba utajuta. Maneno ya kupatana sikuyasikia mara nyingi, na walipoyasema waliyasema kwa sauti ndogo chumbani.

Kiingereza hicho ndicho kilichonipeleka kwa Bwana Hatibu. Alikuwa mfanyabiashara wa Barabara ya Kumi na Mbili, mwenye duka la vyombo, mtu wa kanzu safi na sauti ya taratibu, na alikuwa amenunua televisheni. Upande wetu wa nchi televisheni haikuwapo, ila sisi wa Tanga tulikuwa karibu na mpaka, na ukiinua antena juu vya kutosha ungeweza kuikamata stesheni ya ng'ambo. Yake aliifunga juu ya bomba la maji refu kuliko paa la msikiti, akalisimamisha bomba kwenye pipa lililojaa mchanga, uani karibu na dirisha la sebule, ili liweze kuzungushwa. Upepo ukilisukuma kidogo tu, picha iligeuka chengachenga. Hapo Bwana Hatibu alitoka mwenyewe, hakumwamini mtu mwingine na bomba lile, akalizungusha kidogo kidogo huku akiuliza dirishani, "Imekuja?" na sebule nzima ikimjibu, "Bado! Bado! Hapohapo, usiguse!"

Kila Jumapili saa kumi na moja jioni ilioneshwa hadithi ya mfululizo ya wapiganaji wasiokufa. Ilikuwa kwa Kiingereza, na ndani ya sebule ile yenye watu thelathini mimi peke yangu niliyekifuata. Nilikaa kwenye kiti kidogo kando ya kabati la televisheni, niwaangalie watu na kioo kwa pamoja, na kila mtu wa kwenye kioo aliposema jambo nililisema mimi kwa Kiswahili. Majina yao yalitushinda, tukawabandika ya kwetu. Shujaa alivaa vazi refu lililotariziwa kifuani, tukamwita Mwenye Joho. Adui yake, mtu mwembamba aliyekuwa akipeleka habari huku na kuzirudisha kule, Bi Mize muuza vitumbua alimpa jina siku ya kwanza: "Huyu mshenga huyu. Mtazameni anavyonyata." Akawa Mshenga. Mshenga alikuwa rafiki wa Mwenye Joho, na usiku mmoja akawafungulia maadui lango la mji wao, mji ukateketea na waliomo. Tangu hapo Mwenye Joho alikuwa akimsaka, miaka mia tatu, nchi hadi nchi. Na wasiokufa walikuwa na sharti lao: unaweza kuwachoma, kuwazamisha, kuwatupa mwambani, watainuka. Anayeweza kumwua mmoja wao ni yule tu aliyedhulumiwa naye.

Sebule iliipenda mno ile kanuni. "Haya yangekuwa kweli," alisema Bi Mize, "mtaa huu pasingepatikana wa kulala mlango wazi." Fundi Chande, mshonaji wa barazani, mtu wa maneno, alimjibu, "Wewe Bi Mize nani amekudhulumu?" "Wewe. Gauni langu la Iddi ulilipunguza kiuno kwa makusudi." Watu wakacheka, Bwana Hatibu akawaomba wanyamaze, mfasiri anazungumza. Alikuwa akiniita hivyo, mfasiri, na mimi nilifurahi. Nilikuwa msichana anayefua chupi za watu, lakini saa ile moja ya Jumapili watu wazima waliinyamazia sauti yangu. Baada ya hadithi mkewe, Bi Zuwena, alitubakiza sisi watatu, akatuandalia sinia la wali wa nazi na mchuzi wa papa, akamweka Saumu kati ya magoti yake akamsuka huku sisi tukila. Saumu alikuwa akihesabu siku kwa wali ule. Jumatano alishaanza kuniuliza, "Dada, imebaki kulala mara ngapi?"

Basi siku moja, hadithi imekwisha na watu wameondoka, nilikuwa uani naosha masinia kama nilivyozoea, nimeinama nyuma ya pipa la maji. Barazani, upande wa pili wa ukuta wa makuti, Bwana Hatibu alikuwa amekaa na shemeji yake aliyekuja kutoka Mkwaja. Walikuwa wakizungumza habari za ruksa na kustaajabu, kama watu wote walivyostaajabu mwaka ule. Shemeji akasema, "Na wewe siku zile ulinusurikaje? Maana walizoa wenye maduka kama samaki." Bwana Hatibu akakohoa kidogo. "Walinifikia, yakhe. Wangenibeba. Nikawaonyesha nyumba ya mjane mmoja, nikawaambia tazameni chini ya kitanda. Wakaniacha." Shemeji akauliza, "Mjane gani? Asije akawa mama wa huyu binti mfasiri?" Na Bwana Hatibu akasema, "Sema polepole."

Sikuvunja chombo, sikulia. Nililisuuza lile sinia, nikaligeuza likauke, nikajifuta mikono, nikaingia ndani nikamwambia Saumu tunakwenda. Nilimwona Bi Zuwena akimfunga kitambaa kichwani kwa upendo, nikajiuliza kama naye anajua. Njia nzima Kassim alikuwa akipigana upanga na hewa, anakata vichwa, na mimi nilikuwa nikihesabu vile vichwa vinavyoanguka.

Leo naweza kusema kwamba ningeweza kuacha kwenda. Ningewaambia wadogo zangu sababu, tukakaa na bada letu na heshima yetu. Sikufanya hivyo, na si kwa ajili ya wali tu, ingawa sitaukana wali. Nilirudi Jumapili iliyofuata kwa sababu nilitaka kuwa karibu naye, kama Mwenye Joho alivyotaka kumjua Mshenga anakolala. Nilikwenda Jumapili saba. Kitu kimoja tu nilikibadilisha: niliacha kumwamkia. Nilipita mlango wa uani, nikamwambia Bi Zuwena shikamoo, nikaingia na kukaa kwenye kiti changu kabla yeye hajatoka chumbani. Tukikutana uso kwa uso nilijifanya ninamrekebishia Saumu nguo. Msomaji wa bara huenda asione uzito wake, lakini kwetu pwani kijana akimpita mzee bila shikamoo ni kama amemtemea mate. Wiki ya tatu aliona. Alisema kwa utani, mbele ya watu, "Mfasiri siku hizi amekuwa mkubwa, shikamoo anazigawa kwa kadi kama sukari ya zamani." Watu wakacheka. Mimi nikamtazama, nikasema, "Hadithi inaanza." Ndani yangu nilikuwa nikiomba kitu kimoja: Mwenye Joho ampate yule mtu, na amkate mbele ya Bwana Hatibu, na mimi ndiye niwe mdomo wake siku hiyo.

Siku ikafika. Ilikuwa sehemu ya mwisho, na sebule ilijaa mpaka watu wakakaa dirishani nje ya nondo. Mwenye Joho alimkuta Mshenga kwenye magofu ya mji wao wenyewe, amepiga magoti, ameivuta kola, shingo iko wazi. Nilianza kutafsiri kwa uaminifu. "Anasema: nimechoka kukimbia. Anasema: nimejaribu kufa mara nyingi, sikuweza, wewe peke yako ndiye unayeweza." Sebule ilikuwa kimya hata mafeni ya majirani yakasikika. Mwenye Joho akachomoa upanga. Na hapo hapo upepo wa kusi ukaja, bomba likageuka, kioo kikajaa chengachenga. Kelele zilizopigwa sijasikia tena. Bwana Hatibu akainuka kwa haraka, kanzu ameishika, akatoka. Picha ilikuwa imepotea, lakini sauti ilibaki, na sauti ilikuwa yangu mimi tu.

"Imekuja?" aliuliza dirishani.

"Bado!"

"Mshenga anasemaje?" Bi Mize alinisukuma bega. "Tafsiri, mwanangu, tafsiri!"

Mle ndani Mshenga alikuwa akiomba afe. Mimi nikasema, "Anasema: ni mimi. Walinijia mimi kwanza, wakanikuta na vyangu. Ili waniache, nikawaonyesha nyumba ya mjane. Nikawaambia tazameni chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda?" alisema Bi Mize. "Kulikuwa na nini chini ya kitanda?"

"Sabuni," nikasema. "Katoni moja ya sabuni."

Hakuna aliyecheka. Wengi wao walikuwa majirani zetu. Walikuwapo siku ile ya gari, baadhi yao walifunga milango. Nilimwona Bi Zuwena, aliyekuwa amesimama kwenye pazia la chumba, akalishika pazia kwa mikono miwili. Nje ya dirisha kivuli cha Bwana Hatibu kilisimama pamoja na kivuli cha bomba. Hakuuliza tena kama imekuja.

Fundi Chande, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na Mwenye Joho anajibuje?"

Mwenye Joho alikuwa akizungumza. Nilimsikia vizuri, kila neno, kwa ile sauti ndogo ambayo bwana na bibi wa Raskazone waliitumia chumbani. Alikuwa akimwambia Mshenga kwamba hatamwua, kwamba aende, aishi. Nilimsikia, na nikalijua neno lake, na nikalikataa. "Anasema: mama yangu alikohoa miezi mitatu. Anasema: wewe ulikuja mazikoni ukashika jeneza. Sasa ameinua upanga. Amekata. Kichwa kimeanguka."

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakasema alhamdulillahi. Na wakati ule ule, sijui kama Bwana Hatibu aliligusa bomba au liligeuka lenyewe, picha ikarudi, safi kama maji. Mshenga alikuwa mzima. Alikuwa anatembea peke yake katikati ya magofu, analia, na Mwenye Joho amempa mgongo anakwenda zake na upanga uko alani.

"Mbona kichwa anacho?" alisema Bi Mize.

Macho ya watu thelathini na zaidi yaligeukia kiti changu kidogo. Nilijua kuwa ningeweza kusema nimekosea, kwamba Kiingereza chao kigumu, na jambo lingeishia hapo, na sinia lingeletwa. Saumu alikuwa ananiangalia akiwa ameshakunja mikono ya gauni kwa ajili ya kula. "Hakumwua," nikasema. "Hapo nilidanganya. Alimwambia aishi."

"Na yale mengine?" aliuliza Chande. "Yale ya kitanda?"

"Yale sikudanganya."

Watu waliondoka bila kuaga, kila mtu akitafuta viatu vyake mlangoni kwa kuinamisha kichwa. Kupitia nondo nilimwona Bwana Hatibu, amelishika bomba kwa mikono miwili, haliachii, ingawa hadithi ilikuwa imekwisha na sasa yalikuwa yanapita matangazo ya dawa ya meno. Bi Zuwena aliingia jikoni akatoka na sinia kama desturi. Alilitua mbele yetu, akanisogezea upande wangu kipande kikubwa cha papa. "Kuleni, wanangu," alisema. Nikawaambia wadogo zangu wavae viatu. Saumu alilia kuanzia ya Kumi na Mbili mpaka ya Kumi na Tano, analia wali kwa jina, na Kassim hakukata kichwa hata kimoja njiani, kwa sababu yeye alikuwa na umri wa kuikumbuka siku ya gari.

Asubuhi yake, kabla sijaenda kazini, Bwana Hatibu alipiga hodi. Nilikuwa natwanga mihogo mbele ya mlango. Sikumkaribisha, akabaki amesimama. Saumu alimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniangalia akingojea. Nikaendelea kutwanga.

"Mwanahawa, nimekuja kwa miguu yangu."

"Nimeona."

"Nataka radhi."

"Radhi ya nini?"

"Unajua, mwanangu."

"Mimi najua. Nataka nisikie wewe unajua nini."

Akaniambia. Hakujitetea sana, hilo nitampa. Alisema walimkuta na magunia mawili ya sukari stoo, wakamwambia akitaja mwingine watayafumbia macho, na yeye akataja jina la kwanza lililomjia. Nikamwuliza kwa nini likaja la mama, mji mzima huu. Alitazama kinu. "Kwa sababu asubuhi ile alikuwa amenipa kipande," alisema. "Zuwena alikuwa amejifungua, hatuna hata sabuni ya kumwogeshea mtoto. Mama yako alinikatia robo mche, akanifungia kwenye gazeti, akakataa nilipe. Ndipo nikajua anazo."

Hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa nimebeba miaka yote ile picha ya mtu aliyechungulia dirishani. Kumbe mama alimfungulia mlango. Nadhani kama asingeniambia hilo, kama angesema uongo wowote mwepesi, pengine ningemwambia nenda, nimekusamehe, kwa ajili ya Saumu na wali wake. Mchi ulikuwa mkononi. Niliuweka chini kwa uangalifu.

"Yule wa televisheni alimsamehe mwenzake," alisema. "Nilikuwa dirishani, nilisikia ulivyosema."

"Huyo mwenzake alitembezwa miaka mia tatu," nikamwambia. "Wewe umetoka Barabara ya Kumi na Mbili umefika ya Kumi na Tano."

"Basi nifanye nini?"

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka lenyewe, la kijinga, la mtoto. "Kashike bomba," nikasema. "Sitaki kukuona ndani tunapotazama. Usimame nje ulishike mpaka nitakaposema inatosha."

Nilidhani atanicheka au atanitukana. Alikuwa mtu mzima, mwenye duka, mwenye nafasi yake safu ya mbele msikitini. Jumapili iliyofuata ile stesheni ilianza hadithi nyingine ya wasiokufa wale wale, na watu wakarudi, kwa kuwa hapakuwa na televisheni nyingine mtaa ule na kwa kuwa walitaka kuona. Kiti chake kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa uani, amelishika bomba. Picha ilikuwa safi, upepo hakuna. Fundi Chande alimwita dirishani, "Bwana Hatibu, njoo ukae, haitikisiki hata kidogo." Akajibu, "Nikiachia itaharibika." Haikuwa kweli na kila mtu alijua si kweli. Mimi nikakaa kwenye kiti changu, nikatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, na sijawahi kutafsiri vizuri hivyo maishani mwangu. Wadogo zangu walikula wali wa Bi Zuwena. Mimi sikula tena nyumbani mle, hata maji.

Mabishano juu ya Mwenye Joho yaliendelea miezi. Bi Mize alishikilia kwamba alisamehe, kwa hiyo ana moyo wa dhahabu. Chande alisema, "Kasamehe wapi? Mtu anaomba afe, wewe unamwambia ishi. Huyo kamfunga kifungo cha maisha." Nilisikiliza kila upande na sikutia neno. Nilikuwa na Mshenga wangu dirishani, na kila Jumapili nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja dogo, na kila Jumapili nilihisi utamu wa kulibakiza mdomoni. Huo ni ukweli. Watu wa dini wananiambia kisasi hakishibishi. Mimi kilinishibisha. Nilinenepa mwaka ule.

Kisha masika ikaanza. Jumapili ya kwanza ya mvua kubwa ilitukuta hadithi ikikaribia nusu. Maji yaligonga bati mpaka ikabidi nipaze sauti. Bwana Hatibu alikuwa nje, kanzu imemganda mwilini, kofia imelowa imemshukia masikioni. Watu waliacha kutazama kioo, wakawa wananitazama mimi. Bi Zuwena alikuwa amekaa na kitana mkononi, Saumu kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Nililijua neno lililokuwa likingojewa: inatosha. Nilikuwa nalo. Ndipo Saumu akainuka, akachukua sinia tupu la bati lililoegemea ukuta, akatoka nalo. Nilimwita kwa jina mara moja. Hakugeuka. Tukamwona dirishani, amepanda juu ya tofali ili afike, amelinyanyua sinia kwa mikono miwili juu ya kichwa cha yule mzee, na yeye mwenyewe analowa, nywele zake zisizosukwa zimemlala usoni. Bwana Hatibu alimwambia kitu, nadhani alimwambia arudi ndani. Saumu akatikisa kichwa.

Kwenye kioo mtu alikuwa akizungumza na hakuna aliyejua anasema nini. Bi Mize akanigusa goti, kwa upole, si kama alivyozoea. Nikageukia televisheni, nikaendelea kutafsiri.